Je, Kijiwe Kimembadilisha Mdogo Wangu?

SWALI: Mdogo wangu wa kiume anaendesha bodaboda Nkuhungu, hapa Dodoma. Nyumbani ni mpole, lakini hivi karibuni mwenzake alipogongwa na gari, vijana wa kijiwe walimzingira dereva na kuvunja kioo, naye akiwamo. Nilipomuuliza alisema tu, "Tulikuwa wote." Tabia yake halisi ni ipi? Nimtoe kijiweni?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Dada yetu, tabia zote mbili ni zake. Kijiwe hakikumnyang'anya dhamiri, bali kilimwelekeza nani wa kumwonea huruma: aliyelala barabarani alikuwa mwenzake, na aliyekaa garini alikuwa mgeni. Hisia hiyohiyo ndiyo inayowafanya wachangiane mmoja wao anapolazwa au anapofiwa (na kila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha harusi anajua jinsi mkono unavyolegea mtu anapotaja ahadi yake mbele ya watu). Hata hivyo, kundi hugawanya hatia mpaka kila mmoja akaona fungu lake ni dogo mno kumkosesha usingizi, na hapo ndipo "tulikuwa wote" inapotoka.

Mwaka 1951, nchini Marekani, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha vijana wa chuo mistari na kuwataka wataje ile inayolingana kwa urefu. Kila mmoja aliwekwa kati ya watu waliopangwa kutoa jibu la uongo kwa makusudi, na takribani theluthi moja ya majibu ya vijana hao ililifuata kundi, ingawa macho yao yaliona vingine. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema ukweli, makosa yalipungua mno.

Kwa hiyo sikushauri umtoe, kwa sababu utamkosesha riziki na watu wa kumsimamia siku atakapogongwa yeye. Mtafute mwenzake mmoja anayemwamini, wapatane mapema kwamba likitokea tena, mmoja atasema kwa sauti, "Tuchukue namba ya gari, tuwaite trafiki," na wa pili atamuunga mkono papo hapo, kabla jiwe la kwanza halijarushwa. Kuhusu kioo, dereva akipatikana, mdogo wako aende peke yake, bila kusubiri kijiwe kikae kikao, akaombe radhi na kulipa sehemu yake.