Amplifaya ya mono yenye matundu mawili ya spika: kwa nini inajizima?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimefunga sabufa (spika za besi) mbili za inchi 12 kwenye gari langu, kila moja ina koili mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Amplifaya ni ya mono; kitabu chake kinasema wati 600 kwa omu 4, wati 1,000 kwa omu 2, na isishushwe chini ya hapo. Kwenye kila sabufa niliunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, nikapata omu 2. Kwa kuwa amplifaya ina matundu mawili ya chanya na mawili ya hasi, kila sabufa nikaipa jozi yake. Kwa sauti ndogo inapiga vizuri, lakini nikiongeza taa nyekundu inawaka na besi inakatika. Je, amplifaya ni mbovu?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Amplifaya yako haijaharibika, na hiyo taa nyekundu ndiyo iliyoiokoa. Nakuomba usiipandishe sauti tena mpaka ubadilishe waya, kwa sababu ulinzi huo hauwezi kuiokoa kila siku.

Tatizo limeanzia kwenye yale matundu. Amplifaya ya mono ina mkondo mmoja tu wa sauti. Matundu mawili ya chanya yameunganishwa kwa ndani, na ya hasi vivyo hivyo. Yamewekwa mawili kwa sababu waya nene mbili hazikai vizuri chini ya skurubu moja, basi. Kwa hiyo ulipoipa kila sabufa jozi yake, uliziunga sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, bila kujua. Omu 2 sambamba na omu 2 ni omu 1. Ukipenda, hesabu koili zenyewe: ziko nne, zote sambamba, 4 gawanya kwa 4.

Kwa volti zilezile, omu 1 inavuta mkondo wa umeme maradufu ya omu 2. Sauti ikiwa ndogo volti ni chache, transista zinastahimili. Ukiongeza, mkondo unavuka kiwango, nayo inajizima.

Dawa ni kuziunga koili za kila sabufa kwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine. Waya wa chanya kutoka kwenye amplifaya uende kwenye chanya ya koili ya kwanza. Hasi ya koili hiyo uiunge kwa kipande kifupi cha waya na chanya ya koili ya pili. Hasi ya koili ya pili irudi kwenye hasi ya amplifaya. Sasa kila sabufa ni omu 8, na ukizipa jozi zake kama ulivyofanya mwanzo, amplifaya itaona omu 4. Iko njia nyingine ya kufika omu 4, yaani koili sambamba halafu sabufa kwa mfululizo, lakini mimi siipendi: koili zote mbili za sabufa moja zikikatika, na ya pili inanyamaza.

Najua utauliza, na zile wati 1,000? Kwa koili nne za omu 4, ukizigawia kazi sawa, unapata omu 1, 4 au 16. Omu 2 haimo. Kuna watakaokushauri utumie koili moja tu kwa kila sabufa ili upate omu 2. Hesabu inakubali, sabufa haikubali: joto lote linabebwa na koili moja, uwezo wa kuhimili wati unashuka karibu nusu, na koni (ile sehemu ya mbele inayotikisika) haidhibitiwi kama ilivyokusudiwa. Kama unazitaka kweli wati hizo, tafuta sabufa zenye koili mbili za omu 2, uziunge kwa namna hii hii. Lakini sikiliza kwanza ulichonacho. Kutoka wati 1,000 hadi 600 unapoteza desibeli 2 na kidogo, wakati sikio linahitaji takriban desibeli 10 ndipo liseme sauti imekuwa mara mbili.

Kabla ya kurudisha waya kwenye amplifaya, zipime kwa multimita. Gusanisha kwanza ncha za mita uone inasoma ngapi, upunguze kiasi hicho. Koili ya omu 4 kwa kawaida husoma kati ya 3.2 na 3.8, maana mita inapima ukinzani wa waya tu, kwa hiyo usishtuke. Sabufa moja isome karibu 7, na zote mbili zikishikana zisome karibu 3.5. Ukiona 1, kuna kiungo bado kiko sambamba. Mita isiposoma kitu, mfululizo umekatika mahali.

Jambo moja linalosahaulika sana ni mwelekeo. Koili moja ikigeuzwa ndani ya sabufa, koili mbili zinapigana: koni haitikisiki, joto linapanda, na mita haitakuonyesha kosa. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye waya wa chanya na hasi kwenye hasi, kwa sekunde moja tu. Koni itoke nje. Sabufa ya pili nayo itoke nje. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, besi zitafutana na utabaki na mtetemo bila uzito.

Mwisho ni geini, yaani kirekebisho cha kuioanisha amplifaya na redio, ambayo wengi huigeuza kama kitufe cha sauti. Wati 600 zidisha kwa omu 4 ni 2,400, na kipeuo chake cha pili ni karibu 49, ndizo volti unazozitafuta. Ondoa waya za sabufa, zima kiongeza besi, weka kichujio cha kupitisha besi tu kwenye Hz 80, kisha cheza mlio wa majaribio wa Hz 50 redio ikiwa kwenye robo tatu ya sauti. Panua geini polepole huku mita ikipima volti za AC kwenye matundu ya spika, usimame kwenye 49. Usiguse skurubu hizo kwa vidole. Zima kila kitu ndipo urudishe waya za sabufa.