Tusajigwe ni jina la wapi?

Dada, jina Tusajigwe ulilouliza ni la Kinyakyusa, cha kwetu Rungwe na Kyela. Tu- ni sisi, -saj- ni kubariki, na -igw- ndiyo ile -wa ya "pigwa". Yaani tumebarikiwa. Lusajo (baraka) na Asajile (amebariki) ni ndugu zake wa shina moja.

Lusajo utamsikia hata Dar. Tusajigwe ni adimu zaidi ukishavuka Mbeya, wengi wanakwama kwenye hiyo -jigwe. Bibi yangu aliitwa hivyo. Darasani mwalimu alikata akaandika "Tusa", na bibi hakuitika mpaka aitwe lote.

Mpe mtoto, dada, na msilifupishe. Ukikata -igwe, anayebarikiwa haonekani tena.