Shangazi, nirisiti Fizikia au nichukue kilichopo?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Mikanjuni hapahapa Tanga. Mwaka huu nimemaliza kidato cha sita, kombi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. Matokeo yangu: Baiolojia B, Kemia C, Fizikia E, divisheni two ya pointi 10. Majirani wamekuja kumpongeza mama, na mama anafurahi, lakini mimi nikiwa peke yangu nalia. Tangu nikiwa mdogo nataka kuwa daktari, na nimeambiwa kwa E ya Fizikia siwezi, ingawa wengine wanasema pointi 10 zinatosha. Mwalimu wetu wa Fizikia alihama tulipoanza kidato cha tano, tukakaa bila mwalimu karibu mwaka mzima. Mock nayo nilipata E, japokuwa nilikuwa nakesha na pasti pepa zenye majibu. Mjomba yuko tayari kunilipia nirisiti mwakani. Mama, ambaye anauza vitumbua na mbaazi, anasema usiache mbachao kwa msala upitao: niombe shahada ya uuguzi, au niende diploma ya utabibu, mradi nisikae nyumbani. Nikirudia nikapata E tena, mjomba nitamtazama na macho gani? Halafu Shangazi, kwani Fizikia na kutibu watu vinahusiana nini? – Binti wa Mikanjuni*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi. Sitakuzungusha. Rudia Fizikia. Rudia Fizikia peke yake, mara moja tu, na usitoe hata shilingi ya mjomba kabla hujafanya jambo moja nitakalokuambia hapa chini.

Kwanza tuelewane kuhusu pointi, maana wanaokushauri wamekuchanganya. Zile 10 ni hesabu ya divisheni ya Baraza la Mitihani, ambayo A ni 1, B ni 2, C ni 3 na E ni 5, kwa hiyo zikiwa chache ndiyo heri. Vyuo vikuu vinahesabu kwa kugeuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hesabu hiyo wewe una pointi 8. Udaktari unataka zisipungue 6, kwa hiyo pointi unazo na za akiba zipo. Kinachokuzuia ni sharti lingine, kwamba Fizikia, Kemia na Baiolojia kila moja iwe na D au zaidi. Ukiomba MD, yaani shahada ya udaktari, mwaka huu utatupa ada ya maombi bure. Sharti hilo usilipokee kwangu wala kwa jirani. Tume ya Vyuo Vikuu hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, na humo kila kozi ya kila chuo imeandikwa na masharti yake. Ufungue kwenye simu uusome mwenyewe.

Sasa tuitazame hiyo E. E ni alama 40 hadi 49, na D inaanzia 50. Maana yake ulipungukiwa alama moja, au kumi, au iliyo katikati ya hapo, na cheti hakikuambii ni ngapi. Aliyepata 48 na aliyepata 40 wote wameandikiwa herufi moja, lakini ushauri wao hauwezi kuwa mmoja. Ndiyo maana sikukuambia tu "rudia, Mungu atajalia". Mungu hujalia, nawe lazima ujue umesimama wapi.

Kwenye barua yako mna sababu mbili zilizokuangusha, ila wewe umeitaja moja tu kuwa sababu. Ya kwanza ni mwalimu kuhama. Hilo halikuwa kosa lako, na ni jambo linalorekebishika, kwa sababu Tanga ina walimu wa Fizikia ya advansi wanaofundisha tuisheni na mjomba ana nia ya kulipa. Ya pili umeipitisha kama jambo la kujisifia: ulikuwa unakesha na pasti pepa *zenye majibu*. Mwanangu, hapo ndipo kalamu yangu iliposimama. Ukisoma swali huku jibu liko chini yake, macho yanateremka haraka, kichwa kinatikisika kwa kukubali, nawe unaamini umeelewa. Ulifanya hivyo kabla ya mock ukapata E. Ukaendelea vilevile, Mei ukapata E. Ukirudia kwa mtindo huo, mwakani utapata E ya tatu na fedha ya mjomba itakuwa imeliwa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limenipata. Kabla sijaingia uuguzi nilirudia Kemia ya kidato cha nne. Nilikaa mwaka mzima na daftari langu lilelile, nikilisoma mpaka kurasa zikalegea kwenye uzi. Humo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika kwamba valensi ya alumini ni 2. Ni 3. Nilinakili vibaya siku moja ubaoni nikiwa na homa, na hakuna aliyewahi kulishika daftari lile akalikagua. Kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa nalikariri kosa langu kwa bidii, na kila fomyula yenye alumini niliikosa kwa uhakika. Matokeo yalikuwa yaleyale ya awali. Nilipokuja kupata mtu wa kunisahihisha, kosa aliliona jioni moja.

Basi jambo lenyewe ni hili. Tafuta mtihani wa Fizikia wa kidato cha sita ambao majibu yake hujawahi kuyaona. Wiki hii hii nenda maktaba ya mkoa, kaa kwenye kona, simu umemwachia mama. Anza saa tatu kamili asubuhi, saa sita weka kalamu chini hata kama umebakiza maswali. Usiusahihishe mwenyewe. Mpelekee mwalimu wa Fizikia asiyekujua, mlipe kwa muda wake, umwombe akusahihishie kama anavyosahihisha mtihani wa taifa na asikuonee huruma.

Ukipata 40 na kitu, uko palepale ulipoachwa, na mwaka mmoja na mwalimu unatosha kukutoa hapo. Ukipata kati ya 25 na 40, bado narudia neno langu, ila hapo tuisheni ya mara moja kwa wiki haikusaidii, panga mara tatu. Ikiwa chini ya 25, niandikie tuzungumze upya, kwa sababu hapo tatizo si mwaka ule bila mwalimu peke yake, na njia ya diploma inaweza kuwa fupi kwako kuliko inavyoonekana.

Mama yako simpingi. Methali yake ni ya kweli, ila tuutazame mbacha wenyewe uko wapi. Mbacha wako ni ile B ya Baiolojia na ile C ya Kemia. Hizo ndizo usiziache. Wako watoto wanaoshauriwa warudie yote matatu "ili cheti kiwe kisafi", wanatoka na Fizikia D na Baiolojia iliyoshuka. Wewe zako mbili usiziguse. Kabla ya kujisajili, piga simu ofisi ya udahili ya kila chuo unachokusudia kuomba, uulize wanavyoyaunganisha matokeo ya mitihani miwili, na jina la aliyekujibu liandike. Kituo utakachojisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea nacho kiulize mapema kuhusu mtihani wa vitendo: maabara ipo, vifaa vipo, utapewa siku za kufanya mazoezi? Wewe ulikaa bila mwalimu, sidhani kama mikono yako imeizoea ile pendula na zile waya. Na usajili hufungwa miezi kadhaa kabla ya Mei, kwa hiyo usiseme muda upo.

Kuhusu shahada ya uuguzi, hapa utanivumilia, maana nimeifanya kazi hiyo maisha yangu yote. Kama kuna sauti ndani yako inayouita, iombe leo na nitakushangilia. Lakini ukiingia kwa sababu udaktari umekukataa, wagonjwa watalijua hilo kabla yako. Nimefanya zamu na wenzangu waliokuja kwa njia hiyo. Mgonjwa akiita mara ya pili wanasonya. Katika barua yako yote uuguzi umeutaja mara moja, tena kwa mdomo wa mama.

Diploma ya utabibu ni habari nyingine, nayo naiheshimu sana. Ni miaka 3, na ukimaliza na GPA, yaani wastani wa alama za chuo, isiyopungua 3.0, masomo yako ya kidato cha nne nayo yakiwa sawa, ikiwamo Hisabati na Kiingereza, unaweza kuomba udaktari. Nimewajua madaktari waliopita huko, na mikono yao kwa mgonjwa ilikuwa myepesi tangu siku ya kwanza. Hesabu yake ni hii: ukirudia ni mwaka 1, udaktari 5, na 1 wa intani, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, jumla 7. Kwa diploma ni 3 na 5 na 1, jumla 9, na kwa wengi huongezeka kwa sababu ukishaanza kupata mshahara na familia inakutazama, kurudi darasani kunataka moyo. Miaka miwili si kitu cha kumtisha mtu wa miaka 20. Kwa hiyo hii ndiyo njia yako ya pili, na ndilo jibu la swali lako kuhusu mjomba. Fizikia ikigoma tena, hutarudia mara ya tatu. Mwaka huohuo unaomba diploma. Mwambie mjomba hivyo *sasa*, kabla hajatoa fedha: "Mjomba, nitajaribu mara moja, nisipofaulu nitaingia utabibu." Mtu mzima akiambiwa mapema hukasirika kidogo, tena huweza hata kukuheshimu. Kinachomuudhi ni kushtukizwa.

Na usiilenge D. D inakufungulia mlango tu, na kwenye mlango huo wamejaa wenye alama kubwa kuliko zako. Ukipata D utakuwa na pointi 9, ukipata C utakuwa na 10, na pale vyuo vinapochuja, pointi hiyo moja ina uzito. Ukifika wakati wa kuomba usiishie Muhimbili, ambako kila mtu anakimbilia. Kuna Bugando kule Mwanza, KCMC Moshi, Dodoma, Mbeya, Kairuki. Vya binafsi ada yake ni nzito, na maombi ya Bodi ya Mikopo yana makaratasi mengi, anza kuyakusanya mapema.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo nimelipenda kuliko yote. Nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, mgonjwa mmoja mwenye dripu alitaka kwenda chooni. Nikaitoa chupa kwenye stendi yake, nikamshika mkono, tukaanza kutembea, na chupa nimeiteremsha chini usawa wa paja langu. Mara naona mrija unageuka mwekundu, damu inapanda kutoka mkononi mwake kuelekea kwenye chupa. Nilipiga kelele. Sista mkuu akaja bila haraka, akaichukua chupa, akainyanyua juu ya kichwa chake, na damu ikarudi ilikotoka. Akaniuliza kama niliwahi kusoma kanieneo ya vimiminika. Niliwahi kuisoma, tena nilikuwa naijua fomyula yake kwa moyo: densiti, mvutano wa dunia, kimo. Sikuwa nimejua kwamba kile kimo ndicho kinachoisukuma dawa iingie kwenye mshipa, na kwamba chupa ikishuka chini ya mkono ni damu inayosukuma.

Na ule unato wa vimiminika mliousoma advansi, yaani uzito wa kimiminika kutiririka, nao uko mwilini. Mshipa ukipungua upana kwa nusu, damu inayopita kwa msukumo uleule haibaki nusu, inabaki moja ya kumi na sita. Siku utakapokaa mbele ya mzee ambaye mishipa ya moyo wake imeziba kidogokidogo, utaelewa kwa nini jana alikuwa anatembea na leo hawezi kuvuka barabara. Soma Fizikia kwa namna hiyo, kila mada ukiiuliza iko wapi katika mwili wa mtu, na nadhani utashangaa inavyokaa kichwani.

Limebaki neno la mama, la kukaa nyumbani. Ana haki ya kuliogopa, maana anajua watu watasema nini barazani. Mwambie mwenyewe, usimtume mjomba. Amka naye alfajiri, ukande unga, uchome vitumbua, wateja wa asubuhi uwahudumie pamoja naye mpaka saa tatu. Kuanzia hapo mpaka adhuhuri ni muda wako na karatasi zako, na asikutume dukani. Mwombe ahadi hiyo mkiwa wawili tu jikoni, mikono yenu ikiwa na unga.

Mtihani ule wa maktaba ukishasahihishwa, niandikie alama kama ilivyo, hata kama ni 18.