Intro zikifanana ndo tayari wizi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi napiga solo kwenye bendi yetu hapa Ujiji, tunapiga roki. Kuna jamaa kasikia intro ya wimbo wetu mpya akasema tumeiba Stairway to Heaven ya Led Zeppelin, mwingine akadakia kwamba hata Zeppelin wenyewe waliiba kwa bendi ya Spirit, wimbo unaitwa Taurus. Sa ukweli ni upi, na wimbo tuutoe au tuuache? Klipu nimekutumia.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Klipu nimeisikiliza hapa studio Tabora, na gitaa nikalishika kabisa, maana haya mambo mkibishana kwa mdomo tu hamfiki popote.

Tuanze na hiyo Taurus, ya 1968. Shika uzi wa nne, piga freti (vile vichuma vya shingo ya gitaa) ya 7, halafu 6, 5, 4, 3, hapo umetoka noti ya A unateremka nusu toni nusu toni mpaka F, na kodi (chord, noti zinazopigwa pamoja) ni A maina. Stairway ya 1971 nayo inateremka njia hiyo hiyo ndo maana ukisikia mara ya kwanza unashtuka. Zeppelin wakashtakiwa Marekani 2014, na 2016 jopo la raia waliosikiliza wakakubali kwamba Zeppelin walikuwa na nafasi ya kuisikia Taurus (bendi hizo zilishawahi kupiga shoo moja Denver, Desemba 1968) ila wakasema nyimbo zenyewe hazifanani kiasi cha kuitwa wizi. Rufaa ya 2020 ikaacha uamuzi huo kama ulivyo. Mi naona walikuwa sahihi kabisa, kwa sababu huo mteremko watunzi wa Ulaya walikuwa wanautumia karne na karne kabla gitaa halijachomekwa kwenye umeme. Ni mali ya wote, kama C, F, G za rumba mnazosikia hapo Kigoma zikitoka ng'ambo ya ziwa, nani amewahi kushtakiwa kwa hizo?

Sehemu inayoleta kesi mara nyingi ni melodi, ile sauti ambayo mtu anaweza kuiimba bila chombo chochote. Mtazame George Harrison wa Beatles. My Sweet Lord yake ya 1970 inaenda sol-mi-re, inarudiwa, halafu inaingia sol-la-do-la-do, na He's So Fine ya The Chiffons iliyotamba 1963 inaenda hivo hivo tena kwa mpangilio ule ule. Mwanakwaya yeyote anayesoma solfa ataliona hilo dakika moja. 1976 jaji akasema Harrison hakukusudia, wimbo ulikaa tu kichwani ukatoka bila yeye kujua, ila bado akahesabiwa kanakili. Kwa hiyo "sikukusudia" haikuokoi.

Bendi ya Radiohead na wimbo wao Creep, wao yaliisha vizuri zaidi. Gitaa ni G, B, C, C maina, kama kwenye The Air That I Breathe, na kuna kipande cha melodi pia kinafanana, basi watunzi wa ule wimbo wa zamani, Albert Hammond na Mike Hazlewood, wakaandikwa kama watunzi wenza na wakapewa mgao.

Sa wimbo wenu. Huo mteremko wa mwanzo uacheni, hamna shida, na anachoimba huyo binti juu yake ni chenu kabisa, nimekipenda sana. Tatizo liko pale katikati unapoanza kupandisha uzi wa kwanza freti ya 5, 7, 8 halafu unarudi 2 huku besi inashuka. Hiyo sio mali ya wote, hiyo kupanda-huku-inashuka ndo kazi ya mikono ya Jimmy Page, mpiga gitaa wa Zeppelin, na vidole vyako vimeizoea kwa kuipiga sana nyumbani. Besi ibaki, ila uzi wa kwanza utafutie njia nyingine, jaribu hata kufuata sauti ya binti badala ya kupanda. Mkisharekodi upya nitumie, gitaa peke yake na sauti peke yake, ndo muende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuusajili.