Utafiti wa presha Likoni: usiandike tu "amejiajiri" ukapita

Ndugu yetu mmoja ataka kufanya utafiti wa presha Likoni, na fomu yake ina vijisanduku vinne vya kazi, ameajiriwa, amejiajiri, kibarua, hana kazi, halafu auliza atatoa vipi tabaka la mtu hapo, yaani kama ni wa hali ya chini au anajiweza. Hutoi kitu ndugu yangu. Nimekuwa karani wa tafiti za afya hapa Mombasa kwa miaka, sanduku kama hilo huficha kile unachokitafuta.

Angalia hivi, watu watatu wa mtaa mmoja wote watakwambia "niko bandarini". Mmoja aendesha kreni, mwengine ni hamali abeba magunia kwa mgongo, wa tatu ajenti wa kliaringi, kutwa yuko kwa kiti na makaratasi ya forodha. Kwenye orodha ya Shirika la Kazi Duniani ya 2008, inayopa kila kazi namba yake, wa kreni ni 8343, hamali 9333, ajenti 3331, na ile tarakimu ya kwanza ndio kundi kubwa, kwa hivyo hawa ni makundi matatu mbalimbali na miili yao yachoka kwa njia tatu mbalimbali. Basi uliza ukifika kazini wafanya nini hasa, wamfanyia nani, walipwa kwa siku ama kwa mwezi, uandike vile vile alivyosema. Namba utatia jioni ukiwa umetulia, sio mlangoni kwa mtu.

Kwa kina mama ndio kugumu zaidi. Kuna mama mmoja Kisauni aliniambia "mimi niko nyumbani tu", na huku karai la viazi liko motoni hapo barazani, macho yamuwasha moshi wa makaa, watoto wa madrasa wamejipanga na shilingi zao mkononi. Ile fomu ya DHS, ule utafiti mkubwa wa afya wa kitaifa, mama akisema hafanyi kazi haiishii hapo, yamuuliza tena kwamba kuna wanaouza vitu, wana biashara ndogo au wasaidia shamba la familia, je, wiki iliyopita alifanya lolote katika hayo? Iga hilo swali. Na tafadhali usimpe mke tabaka la mumewe, Uingereza walifanya hivyo miaka mingi na kazi za wanawake zikapotea kwenye hesabu.

Tabaka litafute mbali na kazi. DHS yatazama sakafu, maji, choo, friji, tivii, kisha yagawa watu mafungu matano, toka maskini kabisa hadi wenye nacho. Lakini mizani yao ni ya nchi nzima, watu wa mjini wengi huangukia mafungu ya juu, ukiichukua kama ilivyo Likoni nzima itaonekana inajiweza na sote twajua sivyo. Piga hesabu yako kwa nyumba utakazozipitia wewe mwenyewe.

Halafu kuna hili ambalo kwa presha ni kubwa kuliko yote: hamali aliyepigwa na stroki, yaani kiharusi, kwa ajili ya presha akaacha kazi utamkuta kitandani, utaandika "hana kazi", na mwisho ripoti yako itasema ukosefu wa kazi ndio waleta presha. Muulize kazi aliyoifanya muda mrefu zaidi maishani na aliiacha kwa nini. Kama fomu haijachapishwa, ongeza mistari miwili ya hilo kabla hujavuka feri.