Maswali ya wasomaji: Gari inatoa moshi wa bluu, nitengeneze au nichukue nyingine?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi ni mwalimu, nakaa Soweto hapa Moshi na nafundisha Boma Ng'ombe, nina Corolla 110 namba B nimekaa nayo mwaka wa saba sasa na haijawahi kunilaza njiani. Ila toka mvua za mwezi wa nne imeanza kutoa moshi wa bluu na kula oili, kila baada ya wiki 2 naongeza kama nusu lita. Na chini inagonga nikipita kwenye mashimo. Fundi kauangalia tu ule moshi akasema injini imekwisha, nitafute injini nyingine ya mtumba, 1,900,000 pamoja na kufunga, na chini 600,000. Mume wangu anasema tusimwage hela kwenye gari ya zamani, kuna mtu atatoa milioni 4 anaichukua hivyo hivyo ilivyo, alafu mi nikope milioni 8 SACCOS tuchukue IST namba D (iliyosajiliwa karibuni kuliko yangu) ya milioni 12. Makato ni 300,000 kwa mwezi kwa miaka 3. Kila Jumapili napanda Kibosho kumwona mama, na siku za kliniki yake KCMC nampeleka na gari hiyo hiyo, kwahiyo siwezi kukaa bila usafiri. Nishaurini. – Mwalimu, Moshi

JIBU: Mwalimu pole na hongera pia, gari ya kumpeleka mama kliniki sio gari ya kuamulia haraka haraka. Mi nasema usiuze na usikope kwanza, na hiyo injini ya mtumba usiinunue bado, maana mpaka sasa hakuna mtu aliyepima hiyo injini yako. Fundi kaangalia moshi, basi. Kwa moshi wa bluu peke yake huwezi kujua kama tatizo ni la laki moja au la milioni mbili.

Moshi wa bluu maana yake oili inaungua ndani ya silinda, hapo fundi wako yuko sahihi. Swali ni oili inapitia wapi, na njia ziko kama tatu. Inaweza kupita juu kwenye sili za valvu, zile mpira zinakauka kwa umri, na gari yako ni ya miaka ya tisini kwahiyo sio ajabu. Inaweza kupita chini kwenye ringi za pistoni. Au ile valvu ndogo ya PCV inayotoa mvuke wa oili kwenye injini imeziba, presha inajaa ndani na oili inatafuta pa kutokea, na hiyo ni spea ya bei ndogo sana ambayo watu wanaisahau wanakimbilia kufumua injini.

Bahati nzuri we unapanda Kibosho kila wiki na ile barabara itakupa jibu la awali bure kabisa. Jumapili hii wakati wa kushuka kurudi mjini weka gia ndogo, usikanyage mafuta, acha injini iishike gari mteremko mzima, ukifika chini kwenye tambarare kanyaga mafuta uku mtu wa nyuma anaangalia ekzosi. Kama linatoka wingu moja la bluu alafu linaisha, hiyo ni dalili ya sili za valvu, kwasababu wakati wa kushuka injini inavuta sana na oili inanyonywa kutoka juu. Asubuhi pia ukiwasha baada ya kulala usiku kucha linatoka kidogo linakata, ni dalili hiyo hiyo. Lakini kama inatoa moshi muda wote unapopanda, injini ikiwa na mzigo, na haikati, hapo ringi zinahusika.

Alafu ipimwe kompresheni, yaani presha ya kila silinda, na hili usikubali kuliruka hata fundi akikwambia haina haja. Wanatoa plagi zote 4, wanafunga geji, wanapiga stata, kila silinda inasoma namba yake. Namba 4 zikikaribiana na ziko juu, injini ina maisha. Ikitokea silinda moja iko chini sana kuliko wenzake, wanamwagia oili kidogo kwenye hiyo silinda na kupima tena, namba ikipanda basi ni ringi, isipopanda tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. Kazi yote hiyo haimalizi saa 2. Kaa pale pale, andika namba kwenye karatasi, na kama unaweza kapime kwa fundi mwingine ambae hauzi injini, ili anaekupimia asiwe na faida kwenye jibu.

Nusu lita kwa wiki 2 kwa safari zako za Boma na Kibosho ni kama kilometa 500 na kitu. Ni nyingi, sitakuficha, ila sio injini iliyokufa. Kuna watu wanatembea na hali hiyo mwaka mzima wakiongeza oili tu. Kinachoua injini ni kusahau kuongeza, kwahiyo kuanzia leo vuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, kila Jumamosi asubuhi kabla hujawasha.

Sasa tuje kwenye hela, maana mume wako ana hoja na anastahili jibu la namba. Milioni 8 kwa makato ya 300,000 miezi 36 ni 10,800,000. Yaani riba peke yake ni milioni 2 na laki 8. Kutengeneza gari yako yote, hata ikibidi injini kweli pamoja na chini, ni milioni 2 na nusu. Riba tu ya mkopo inazidi gereji! Na hapo IST hujaifanyia kitu. Gari ya mkononi ukishaichukua lazima ubadili oili na filta, uangalie breki, mara nyingi matairi, betri, kuna kubadili kadi TRA na bima, na mwenye gari hauzi kwasababu inamfurahisha, mara nyingi anajua kitu kinakuja. IST ni gari nzuri, injini yake ngumu na haili mafuta, spea zake ziko kila duka hapa Moshi, sina neno nayo. Ila ile IST ya milioni 12 huijui. Corolla yako unaijua miaka 7, unajua ilibadilishwa nini na lini, hujawahi kulala njiani, na hayo yote yana thamani hata kama dalali hayaweki kwenye bei.

Kosa ninaloliona sana ni kulinganisha gharama ya gereji na bei ya kuuzia gari. Watu wanasema gari yenyewe milioni 4, niiwekee milioni 2 na nusu ya nini. Lakini we huuzi, we unatafuta usafiri wa miaka mingine 3. Linganisha 2,500,000 na kile utakachotoa mfukoni ukichukua nyingine, ambacho kwako ni gari yako ya milioni 4 pamoja na 10,800,000.

Kuna hali ambayo ningekwambia uza, na naomba uiangalie kwa macho yako kabla hujatoa hata shilingi. Gari ipandishwe juu, uingie chini na tochi na bisibisi. Gonga gonga pale chesisi inapokaa, kwenye sehemu shokapu zinaposhika juu, na chini ya milango. Kutu ya juu juu sio shida. Bisibisi ikizama, au ukikuta mtu kashaweka pachi za bati na kupaka rangi nyeusi juu, hapo usiweke injini kwenye hiyo bodi, kwasababu injini inahamishika ila bodi iliyooza haina dawa na ukigongwa haikulindi. Na mimi ningeuza pia kama giaboksi ya otomatiki nayo imeanza kuteleza au kushtuka ikibadili, maana injini na giaboksi kwa pamoja ni hesabu nyingine.

Bodi ikiwa nzima, anza na chini. Hiyo laki 6 usiisogeze mbele hata kidogo. Boljoint, ile kiungo inayoshika tairi, ikichomoka ukiwa unashuka Kibosho tairi linalala na gari huishiki tena, moshi wa bluu hauwezi kukufanyia hivyo. Muulize fundi akutajie kinachogonga kimoja kimoja, boljoint, bushi, staba linki, shokapu, asikuambie chini tu. Na kwenye boljoint kachukue oji (orijino), sio ile ya bei ya chai.

Baada ya hapo kama ni sili za valvu au PCV badili hizo na uendelee na maisha. Kama ni ringi, uliza bei 2, ya kufumua na kuweka ringi mpya na ya injini ya mtumba. Hapa mafundi wanabishana sana. Injini ya mtumba ni haraka, siku 2 umetoka gereji, lakini imekaa muda gani, ilitembea ngapi, ilichemshwa au haikuchemshwa, hakuna anaejua. Ukiichukua, pimeni kompresheni kabla haijafungwa, fungua kifuniko cha oili uangalie kama kuna tope jeusi, na muuzaji aandike kwenye risiti kwamba ndani ya mwezi ikitoa moshi anabadilisha. Akikataa kuandika, tafuta duka lingine. Risiti itunze pia kwa sababu nyingine, namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, ukibadili injini na kadi lazima irekebishwe TRA, usipofanya hivyo siku ya kuuza au siku ya ajali utasumbuka sana.

Na ile 300,000 uliyokuwa umejiandaa kukatwa, kama uliweza kuiishi bila hiyo, weka pembeni kila mwezi. Mwaka mmoja ni milioni 3 na laki 6. Ikifika siku Corolla imechoka kweli utaenda kununua ukiwa na hela mkononi na huna haraka, na mnunuzi asiye na haraka Moshi hii anapata gari nzuri.

SWALI: Mimi niko Sakina Arusha, nimeshaamua kuuza Noah yangu ya zamani nichukue nyingine namba C, nimeipenda na bei tumekubaliana. Dalali anataka nusu ya hela leo ili asimpe mtu mwingine, kadi ina jina la mtu ambae anasema yuko Dar. Ni sawa? – Kijana wa Sakina

JIBU: Hapana mdogo wangu, sio sawa. Usitoe hata laki. Mwenye jina kwenye kadi awepo, au kuwe na mikataba ya mauziano inayofuatana kutoka kwake mpaka kwa anaekuuzia, na umpigie simu mwenyewe sio kwa namba aliyokupa dalali tu. Linganisha namba ya chesisi na ya injini zilizoko kwenye gari na zilizoko kwenye kadi, kwa macho yako, mkiwa mmeinama hapo hapo. Angalia faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, na deni la paking, maana gari ya Arusha mjini inaweza kuwa na deni refu na ukishainunua ni wewe unaesimamishwa barabarani.

Hela ilipwe siku mnayosaini mbele ya wakili, na uhamisho wa umiliki TRA uanze siku hiyo hiyo, sio "tutafanya wiki ijayo".

Alafu Noah uiwashe ikiwa ya baridi. Mwambie dalali asiiwashe kabla hujafika, ukifika weka mkono kwenye boneti, kama ina joto uliza kwanini. Injini ikiwa ya moto inaficha mengi. Na fungua redieta (ikiwa baridi bado, tafadhali) uangalie kama kuna kulanti au maji ya kutu, pia kama termostati, kile kivalvu kinachozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, ipo. Mafundi wengi wanaitoa gari ikianza kuchemsha, inaonekana imepona kumbe ugonjwa uko kwenye redieta, feni au gasketi na haujaguswa. Ukiwa Arusha na baridi yetu ya mwezi wa saba gari isiyo na termostati haipati joto la kutosha, inakula mafuta, alafu siku unashuka nayo Dar ndo unajua ukweli.

SWALI: Kuagiza Japan mwenyewe si ni rahisi kuliko kununua ya mkononi hapa? Nimeona gari za 2005 bei ndogo sana mtandaoni. – Mama Junior, Kijenge

JIBU: Bei ndogo ya mtandaoni sio bei utakayolipa, Mama Junior. Gari iliyozidi miaka 10 inaongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, ya miaka 8 mpaka 10 ni asilimia 15. Chukua gari ya cc 1500, kuna ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5, huo wa uchakavu, alafu VAT asilimia 18 juu ya vyote, na ushuru wa bidhaa na wa uchakavu vinapigwa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru wa forodha. Ukijumlisha, ya zaidi ya miaka 10 kodi inakaribia thamani ya gari yenyewe pamoja na usafiri wa meli, wakati ile ya chini ya miaka 8 inakuwa kama asilimia 55. Na hapo tozo nyingine ndogo ndogo, wakala wa bandari na dereva wa kuileta Arusha havimo. Thamani pia TRA wanatumia ya kwao, sio ile ya kwenye invoisi yako. Kikokotoo kiko kwenye tovuti yao, unaweka aina ya gari na mwaka kinakupa jumla, fanya hivyo kabla hujatuma hela, na kama unasubiri bajeti ya Juni angalia tena baada ya Julai 1 kwasababu viwango huwa vinaguswa.