Nilihitaji mikwaju mitano tu

Kuna msomaji ameniandikia: "Kaka, kwenye gofu mashimo tisa ya kwanza nacheza kama bingwa, tisa ya mwisho nasambaratika. Tatizo ni nini?" Ameuliza wiki mbaya. Kidonda changu bado kibichi.

Jumamosi iliyopita nilifika shimo la 18, la mwisho, nikiwa na mikwaju 74. Miaka kumi na moja nacheza gofu, sijawahi kumaliza chini ya 80. Shimo lenyewe ni la minne, yaani mchezaji mzuri hulimaliza kwa mikwaju minne, kwa hiyo hata mitano ilinitosha. Mimi sikuwa nimehesabu. Aliyenihesabia ni mwenzangu, tena kwa nia njema: "Ndugu yangu, ukipata mitano tu, leo unaandika historia."

Basi nikaanza kuiandika. Kabla sijachomeka tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, nilishawaza nimpigie nani simu kwanza. Mpira ukaenda kulia, mitini. Hapo mwenye akili zake anautoa pembeni, anarudi kwenye nyasi fupi. Mimi nikaona upenyo kati ya miti miwili, nikasema hapa unapita. Ukagonga gome, ukarudi kichakani nyuma yangu. Wa tatu nikautoa, wa nne mchangani, wa tano grini, kwenye nyasi laini zenye shimo, wa sita ukapita shimo kwa urefu wa mkono. Wa saba ukalamba ukingo, ukatoka. Shimo lina upana wa milimita 108, mpira haufiki hata 43! Minane. Jumla 82. Niliwapa wenzangu mkono huku nacheka, kisha nikakaa garini dakika ishirini bila kuwasha injini.

Najiliwaza na Jean van de Velde, mcheza gofu wa Ufaransa. Mwaka 1999 kule Carnoustie, Uskoti, alifika shimo la mwisho la The Open, moja ya mashindano makubwa ya gofu duniani, akiongoza kwa mikwaju mitatu. Hata sita ingempa kombe. Akafika hadi kuvua viatu na kuingia kijitoni alikotumbukiza mpira, akamaliza kwa saba, na kwenye mashimo ya nyongeza Paul Lawrie akalichukua kombe. Yule gofu ilikuwa kazi yake. Sisi wa wikiendi tunajidanganya nini?

Sasa nikujibu, kaka. Raundi inakula kama saa nne. Mkwaju mmoja hauzidi sekunde mbili, kwa hiyo hata ukipiga 90 ni dakika tatu tu za kazi. Muda mwingine wote unatembea na kusubiri, na huko ndiko akili inakopotelea. Ukijilazimisha kuikaza saa nne nzima, utaishiwa kabla ya shimo la kumi, na nadhani ndicho kinachokusibu. Mimi navua glavu baada ya kila mkwaju. Ikiwa mfukoni, ruksa kuongea habari za watoto, mvua, chochote. Nikiivaa tena, ule mkwaruzo wa kile kishikizo chake ndiyo kengele yangu: nasimama nyuma ya mpira, nachagua jani moja hatua chache mbele, natoa pumzi, napiga. Sibadilishi mpangilio, uwe mkwaju wa mbali au wa karibu. Kwenye grini sivai glavu, kwa hiyo nagusa ukingo wa kofia. Ule wa saba sikugusa kofia. Nilikwishakasirika.

Na acheni kuhesabu! Andika namba ya shimo ulilomaliza, funga kadi, basi. Wanaume wazima tunatembea uwanjani tukijumlisha kama wenye maduka, halafu tunalaumu fimbo, upepo, na kijana wa watu anayetubebea mkoba. Fimbo mpya haitakusaidia, niamini, ninazo. Usihesabu, na usikubali mtu akuhesabie.

Jumamosi hii tunacheza tena, watu walewale. Nimemtumia mwenzangu ujumbe mapema kwamba tuongee lolote isipokuwa namba. Amejibu, "Sawa, lakini ile 82 iliniuma kuliko wewe." Sijui kwa nini hilo nalo limenikera.